Sakafu Mpya Juu ya Sakafu ya Zamani
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Kalangalala, Geita)



Desturi ya mikutano yetu ni kusikiliza hotuba juu ya mishahara, nyumba za watumishi, elimu ya watoto na adabu ya kazi. Leo tumechagua jambo ambalo huenda wengine wataliona kuwa dogo, tena la mafundi wala si la watu wa ofisini, nalo ni namna ya kulaza zege jipya juu ya zege la zamani, hata viwili hivyo vishikane viwe kitu kimoja. Twaomba msikilize kwa subira, maana tutaonyesha kwamba jambo hili limo mikononi mwa mtumishi wa Serikali kama lilivyo mikononi mwa fundi, na hasara yake ikitokea huandikwa katika daftari letu sisi.

Sababu yetu ni hii. Zamani majengo ya Serikali yalikuwa kazi ya idara ya ujenzi na makandarasi wakubwa, na mwalimu au mganga alikabidhiwa ufunguo tu. Siku hizi sivyo. Kwa utaratibu uitwao fosi akaunti, fedha huletwa hadi shuleni au zahanati, kamati za mahali penyewe hununua vifaa, na mafundi wa mtaani hupewa kazi. Mwalimu mkuu, mganga mfawidhi na mtendaji wa kata ndio wasimamizi. Katika mkopo wa shilingi trilioni 1.3 ambao Serikali ilipata mwaka 2021 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, sehemu ilitumika kujenga vyumba 15,000 vya madarasa nchini kote kwa muda wa miezi michache, na utaratibu uliotumika ni huo huo. Sakafu za vyumba vile nazo zitachakaa, na wakati wa kuzitengeneza utakapofika, kalamu ya kuidhinisha malipo itakuwa mkononi mwa mmoja wetu.

Hapa petu pana sababu ya pili. Mkoa wa Geita ulianzishwa mwaka 2012, na Kalangalala ni kata iliyomo ndani ya mji wenyewe. Twaishi juu ya dhahabu. Mgodi wa zamani ulifungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa tunaoujua leo ukafunguliwa mwaka 2000. Sheria ya Madini, kama ilivyorekebishwa mwaka 2017, yamtaka mwenye mgodi aandae kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii inayomzunguka. Basi sehemu ya dhahabu hii huturudia kwa sura ya mifuko ya simenti, nondo na mabati. Dhahabu ikisha kuchimbwa haioti tena kama mhogo. Ikiwa tumeigeuza kuwa sakafu, na sakafu ile ikabanduka kabla ya mwaka kwisha, tumebaki na nini?

Wote hapa mmekwisha kuona jinsi mambo yanavyokwenda. Sakafu ya chumba imechimbika kwa miguu ya chuma ya madawati. Fedha kidogo zapatikana. Fundi aja asubuhi, afagia, amwaga maji kidogo, akoroga simenti na mchanga mwepesi kama uji, apaka unene wa kidole, kisha apiga niru mpaka sakafu yang'aa kama kioo. Wageni waja, wasifu. Mwezi wa tatu, mtu akitembea na viatu vigumu asikia sauti ya mtungi mtupu chini yake. Mwezi wa sita vipande vyaanza kuinuka kama vigae, na watoto wavitumia kwa mchezo. Hapo simenti hulaumiwa, mchanga hulaumiwa, na wengine husema mkono wa mtu umo. Sisi twasema kwamba mara nyingi kosa lilifanyika saa ile ya kufagia, kabla mfuko wa kwanza haujafunguliwa.

Kwanza yafaa tujue kitu gani hushikanisha zege na zege. Watu wengi hudhani simenti ni gundi, kwamba ikiguswa na jiwe hushika tu. Si hivyo. Zege la zamani likitazamwa kwa karibu lina vinyweleo na mabonde madogo madogo. Maji ya simenti mbichi huingia humo, huganda na kuwa jiwe, na kila kinyweleo huwa jino lililouma. Meno yakiwa mengi na safi, mshiko huwa na nguvu. Mabonde yakiwa yamejaa vumbi, jino huuma vumbi. Na vumbi halishikani na chochote.

Kisha kuna vita kati ya tabaka hizi mbili. Zege la zamani limekwisha kunywea miaka mingi iliyopita, nalo limetulia. Zege jipya likikauka hunywea, kadiri ya nusu milimita kwa kila mita moja. Katika chumba cha urefu wa mita 9, tabaka jipya lataka kupungua milimita 4 au 5, na la zamani lakataa kusogea. Lile jipya huvutika, na zege ni hodari wa kubeba mzigo lakini ni dhaifu wa kuvutwa; nguvu yake ya kustahimili kuvutwa ni kama sehemu moja kwa kumi tu ya nguvu yake ya kustahimili kukandamizwa. Kama mshiko ni mzuri, mvuto huo hugawanyika juu ya sakafu nzima na kazi husalimika. Kama mshiko ni mbaya, kingo huanza kujikunja kwenda juu kama jani la mgomba linalokaushwa na jua. Chini ya kingo hubaki uwazi, na mguu wa kwanza wa dawati utakaokanyaga hapo utavunja.

Maarifa haya si mageni kwetu. Mama zetu walipokuwa wakisiliba nyumba za udongo, hawakubandika udongo mpya juu ya ukuta mkavu uliolainika. Waliukwaruza ule wa zamani, wakaunyunyizia maji, wakaacha yanywewe, kisha wakasiliba kwa kusukuma kiganja kwa nguvu. Watu wa pwani nao, kabla ya simenti kujulikana, walilaza sakafu za chokaa juu ya boriti na mawe, wakazitwanga kwa siku nyingi mpaka zikashikamana. Simenti tunayoitumia ilipewa hati nchini Uingereza mwaka 1824 kwa jina la Joseph Aspdin, na kiwanda cha Wazo Hill, Dar es Salaam, kilianza kuitengeneza mwaka 1966. Kwa hiyo kitu ni kipya, lakini kanuni ni ile ya mama zetu: kwaruza, safisha, lowesha, sukuma.

Sasa tueleze kazi yenyewe kwa utaratibu, ili kila mmoja wetu aweze kusimama mbele ya fundi na kujua anachokitazama.

Jambo la kwanza ni kuipima sakafu ya zamani. Chukua nyundo ndogo, gonga hatua kwa hatua chumba kizima. Mahali palipo pazima hutoa sauti kali na fupi; mahali palipoachana hutoa sauti nzito ya utupu. Chora kwa chaki kila mahali penye utupu, na pote palipochorwa pang'olewe mpaka kwenye zege zima, maana tabaka jipya haliwezi kuwa imara kuliko lile linaloketi juu yake. Tazama pia nyufa. Ufa mwembamba uliotulia si hatari sana. Lakini ufa unaopanuka wakati wa kiangazi na kujifunga wakati wa masika ni habari nyingine. Mara nyingi jengo limeketi juu ya udongo mweusi wa mbuga, ambao huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Ufa wa namna hiyo utatokea tena juu ya sakafu mpya, mahali pale pale, hata kama simenti imewekwa mara mbili. Hapo aitwe mhandisi wa halmashauri autazame msingi kwanza. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi twaongeza kwamba ufa wa msingi hauzibwi kwa niru.

Jambo la pili ni kukwaruza. Juu ya kila sakafu ya zege kuna utando mwororo kama unga, uliopanda juu na maji siku ile zege lilipomwagwa. Utando huo hauna nguvu, na wote lazima uondoke. Tena sakafu nyingi za zamani zilipigwa niru, nyingine zikapakwa rangi nyekundu na kusuguliwa kwa nta miaka na miaka. Nta ni adui mkubwa. Hakuna simenti inayoshika nta. Katika karakana na nyumba za mashine za kusaga pana oili iliyozama ndani. Kuosha kwa sabuni ni kuzuri, lakini hakutoshi. Fundi atumie tindo na nyundo, au mashine kama ipo, achonge mpaka kokoto za zege la zamani zionekane kwa macho na uso uwe na mikwaruzo ya milimita 3 hadi 5. Kuna jaribio rahisi ambalo hata karani anaweza kulifanya. Dondosha matone ya maji. Yakikaa juu kama shanga, nta au oili ingalimo. Yakinyweka na kuacha doa jeusi, sakafu i tayari.

Hapa hatuna budi kusimama kidogo tuseme juu ya afya. Vumbi la zege na la mawe lina chembe ndogo sana za silika ambazo hazionekani kwa macho, nazo zikiingia mapafuni hazitoki. Katika nchi ya migodi kama yetu wapo wazee walioharibika mapafu kwa vumbi la mwamba, na mapafu yaliyoharibika hivyo hushikwa upesi na kifua kikuu. Basi achongaye asichonge kukavu. Sakafu inyunyizwe maji wakati wote, madirisha yafunguliwe, fundi na vibarua wapewe barakoa nzuri za vumbi, na watoto wa shule wasiruhusiwe kuwa karibu wala kupewa kazi hiyo ya kuchonga kama adhabu. Simenti mbichi nayo huunguza ngozi. Vibarua wapewe glavu na viatu vya mpira. Gharama yake ni ndogo, na mtu aliyeumia katika kazi ya Serikali ni deni letu.

Jambo la tatu ni kusafisha. Kufagia kwa ufagio hakutoshi, kwani ufagio husukuma vumbi ndani ya vinyweleo. Sakafu ioshwe kwa maji mengi na brashi ngumu, maji machafu yakokotwe nje, ioshwe tena, mpaka maji yatoke meupe. Kuanzia hapo mtu asiingie na viatu vyenye udongo, wala toroli lisipitishwe bila mbao chini yake. Tumeona kazi nzuri ya siku mbili ikiharibiwa na toroli moja la mchanga.

Jambo la nne ni maji, na hapa ndipo wengi hukosea kwa pande zote mbili. Zege la zamani lililokauka lina kiu. Likipewa zege jipya katika kiu yake, hunyonya maji ya simenti, na simenti iliyonyang'anywa maji haigeuki kuwa jiwe, hubaki unga. Kwa hiyo sakafu iloweshwe tangu jana yake, ikae na maji usiku kucha. Lakini asubuhi, kabla ya kumwaga, maji yote yaliyosimama yaondolewe kwa kitambaa na ufagio. Uso uwe mweusi kwa unyevu, usiwe na dimbwi wala using'ae. Dimbwi hugeuza simenti ya mahali pale kuwa uji mwepesi, na uji mwepesi hauna meno. Kwa maneno mafupi, ndani pawe pameshiba na juu pawe pakavu.

Jambo la tano ni uji wa kushikanishia. Mafundi wazuri huchanganya simenti na maji, au simenti na mchanga laini kiasi sawa, mpaka uwe mzito kama maziwa mgando, kisha huusugua ndani ya mikwaruzo kwa brashi ngumu. Njia hii ni njema kwa sharti moja: zege jipya liwekwe juu ya uji huo ungali mbichi. Kwa jua letu la Geita hiyo ni dakika 10 hadi 20, wala si zaidi. Fundi asipake chumba kizima kisha akaenda kunywa chai. Apake mita moja au mbili za mraba, mwenzake amwage zege nyuma yake, ndipo aendelee. Uji uliokauka hauunganishi. Hutenganisha, kama karatasi iliyowekwa katikati. Katika jimbo la Iowa, Marekani, ambako tangu miaka ya 1960 madaraja yenye uso uliochakaa yalitengenezwa kwa tabaka la zege zito juu ya zege la zamani, uji huo ulitumika sana. Uzoefu wa wahandisi baadaye ukaonyesha kwamba uso uliokwaruzwa vema, ukasafishwa na kushibishwa maji waweza kushika hata pasipo uji, lakini uji uliokauka ni mbaya kuliko kutokuwa na uji kabisa.

Dukani mtauziwa pia gundi za zege. Ile nyeupe inayofanana na gundi ya seremala hulainika tena ikipata maji, basi haifai veranda, choo, bafu wala mahali pa kuoshea. Ile itokanayo na maziwa ya mpira wa kiwandani hustahimili maji na inafaa zaidi. Gundi ya epoksi ina nguvu sana, bei yake ni kubwa, na yahitaji fundi aliyeizoea. Hakuna hata moja kati ya hizo inayoweza kushika vumbi, nta au utando mwororo. Anayenunua gundi ili aepuke kukwaruza amenunua hasara kwa bei ya juu.

Jambo la sita ni unene na mchanganyiko. Tabaka litakaloshikana na sakafu ya zamani liwe la milimita 25 hadi 40. Likiwa jembamba kama kidole hukauka upesi mno kabla ya kupata nguvu. Kama sakafu ya zamani ni mbovu kiasi cha kutoweza kukwaruzwa, au imelowa oili hadi ndani, basi tuache kabisa habari ya kushikanisha: itandikwe nailoni, na juu yake limwagwe zege jipya la milimita 100 au zaidi, linalosimama kwa nguvu zake lenyewe. Kukaa katikati ya njia hizi mbili ndiko kunakopoteza fedha. Msisahau pia milango. Sakafu ikiinuka milimita 40, mlango hautafunguka mpaka ukatwe chini, na maji ya veranda yaweza kuelekea ndani. Haya yaangaliwe kabla, yasije yakawa gharama ya pili.

Tuchukue mfano wa chumba cha mita 7 kwa 9, ndiyo mita 63 za mraba. Kwa unene wa milimita 40, zege linalohitajika ni karibu mita 2.5 za ujazo. Kwa kipimo cha simenti 1, mchanga 2, na kokoto ndogo 2 zisizozidi milimita 10, mtahitaji mifuko 22 hivi ya simenti ya kilo 50, mchanga mita 1.5 za ujazo, na kokoto kiasi hicho hicho, bila kuhesabu kinachopotea na cha uji wa kushikanishia. Mkiletewa hesabu ya mifuko 8 kwa chumba hicho, jueni mwaletewa niru. Mkiletewa hesabu ya mifuko 45, ulizeni ile mingine yaenda kujenga nyumba ya nani.

Maji ya kukorogea yasizidi lita 22 hadi 25 kwa mfuko mmoja, nanyi mkumbuke kwamba mchanga uliolowa una maji yake tayari. Vibarua hupenda zege jepesi kwa kuwa halichoshi mkono. Lakini kila ndoo ya ziada huongeza kunywea na kupunguza nguvu. Chumba kigawanywe vipande sita vya mita 3 kwa 3.5, vimwagwe kwa kupishana. Pale ambapo sakafu ya zamani ina kiungo, na mpya iwe na kiungo juu yake hasa. Zege lishindiliwe kwa nguvu na kunyooshwa kwa ubao. Na wakati wa kulainisha kwa mwiko, fundi asinyunyizie simenti kavu ili kunywesha maji yaliyopanda juu, kwani hapo ndipo ule utando mwororo huzaliwa upya.

Jambo la saba lahusu mchanga, na kwa wilaya zetu za dhahabu ni zito. Kando ya makarasha na mialo kuna vilima vya marudio, mchanga uliokwisha kusagwa na kuoshwa dhahabu yake. Ni laini, u karibu, na mara nyingine hutolewa bure. Twawasihi msiuingize katika majengo ya umma. Miamba yenye dhahabu hapa kwetu ina madini ya chuma na kiberiti yanayong'aa kama dhahabu ya uongo. Yakisha kusagwa na kupata hewa na maji hutoa tindikali na chumvi za salfa, nazo huila simenti na kuivimbisha kutoka ndani mpaka ipasuke. Tena marudio ya mialo huwa na mabaki ya zebaki, na mengine yamepita kwenye sayanaidi. Je, ni halali kuyatandika chini ya miguu ya mtoto wa darasa la kwanza, au katika chumba cha mama anayejifungua? Tutumie mchanga safi wa mtoni. Upimwe hivi: tia mchanga hadi nusu ya chupa, jaza maji, tikisa, acha usiku kucha. Tabaka la tope juu ya mchanga likiwa nene, huo mchanga uoshwe au ukataliwe.

Jambo la nane ni kulea. Zege ni kama mtoto mchanga. Siku za kwanza ndizo huamua maisha yake. Mara uso ukisha kushika kiasi cha kutoachwa alama na kidole, ufunikwe kwa magunia yaliyoloweshwa au nailoni, na ukae na unyevu kwa siku 7 kamili, mchana na usiku, Jumapili ikiwamo. Katika kiangazi cha Juni hadi Septemba, upepo mkavu huweza kuunyang'anya uso maji yote kwa saa chache. Kazi ianze alfajiri au jioni, na madirisha upande wa upepo yazibwe. Madawati yasirudishwe kabla ya siku hizo 7, wala vitu vizito kabla ya siku 28. Na miguu ya chuma ya madawati ivishwe mpira, ili sakafu mpya isianze safari ile ile ya zamani.

Jambo la tisa ni kupima kazi kabla ya kulipa. Baada ya majuma manne, rudini na ile nyundo ndogo, mgonge kila mahali, hasa kwenye kona na kingo. Penye utupu patengenezwe kwa gharama ya aliyefanya. Wahandisi wana chombo cha kubandika kidude cha chuma juu ya sakafu na kukivuta. Mara nyingi hutaka mshiko wa kilo 10 hadi 15 kwa kila sentimita moja ya mraba. Kwa darasa la kijijini nyundo yatosha, mradi anayeisikiliza ni mwaminifu.

Ndugu zetu, sasa twafika kwenye neno lililotuleta. Kazi ya kushikanisha zege ni kazi inayofunikwa. Ikisha kwisha, mwovu na mwema huonekana sawa. Niru huwasitiri wote wawili. Fundi aliyekwaruza siku mbili na fundi aliyefagia nusu saa wote watawakabidhi sakafu inayong'aa. Tofauti yao huijua mtu mmoja tu, yule aliyekuwapo kabla ya kufunikwa. Kwa hiyo twaleta mashauri manne kwa kila mwanachama atakayesimamia kazi ya namna hii.

La kwanza, mapatano na fundi yaandikwe kwa vipande, na kukwaruza, kuosha na kulowesha viwe na malipo yao wenyewe. Fundi asiyelipwa kwa kukwaruza hatakwaruza, wala hatuna haki ya kumlaumu. La pili, msimamizi aione sakafu kwa macho yake ikiwa imechongwa na safi, atie sahihi na tarehe katika daftari, ndipo ruhusa ya kumwaga itolewe. La tatu, kazi ipangwe katika likizo ya shule. Twajua mwaka wa fedha hufungwa tarehe 30 Juni, na fungu likichelewa kufika, kila mtu hukimbia ili lisirudi. Lakini sakafu haijui habari ya tarehe 30 Juni. Yahitaji siku zake. Basi maandalizi, mapatano na ununuzi wa mchanga vifanywe mapema, ili fedha zikifika kazi iende bila pupa. La nne, fundi mwema tumtambue na kumwita tena. Wahenga walisema, penye miti hapana wajenzi. Sisi twasema wajenzi wapo, ila mara nyingi tumewafundisha sisi wenyewe, kwa haraka zetu na kwa bei zetu, kwamba kung'aa kwatosha.

Hatusemi kwamba sakafu ya darasa ni jambo kubwa kuliko mengine katika nchi. Lakini mwananchi wa kawaida haioni Serikali katika makaratasi yetu. Huiona pale anapoketi kungoja dawa, na pale mtoto wake anapoweka mguu. Akiona kipande kimeinuka na chini yake pana vumbi, ajua kwamba kuna mtu alilipwa kutazama naye hakutazama. Kila mmoja wetu na awe ndiye aliyetazama.

Nyundo na chupa ya kupimia mchanga tumekuja navyo, viko hapa mezani, na wapendao kujaribu juu ya sakafu ya ukumbi huu wanakaribishwa baada ya mkutano.